Waungwana wa Ziwa Tanganyika

Mwezi wa Machi 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitua katika kisiwa cha Kasenge, kando ya pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mahali ulipo leo mji wa Kalemie. Alikuwa amevuka ziwa kwa mtumbwi kutoka Ujiji, upande wa mashariki. Macho yake yalikuwa mabovu kwa ugonjwa, na sikio moja lilivimba na kutoa usaha, kwa kuwa usiku mmoja baada ya tufani mdudu alimwingia sikioni, naye akajaribu kumtoa kwa ncha ya kisu. Mwenzake Richard Burton alibaki Ujiji hajiwezi. Speke alikuja kutafuta jahazi la kukodi, ili wapate kulipima ziwa hadi mwisho wake wa kaskazini.

Jahazi lilikuwepo. Mwenye jahazi alikuwa Sheikh Hamed bin Sulayim, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi hapo kisiwani. Alimpokea mgeni vizuri, akamlisha, akamsikiliza haja yake. Lakini Sheikh Hamed alikuwa na safari yake mwenyewe, kwenda nchi ya Urua kununua pembe za ndovu, na jahazi lisingepatikana mpaka miezi mitatu ipite. Speke akarudi Ujiji mikono mitupu.

Vitabu vingi husema kwamba Burton na Speke ndio waliogundua Ziwa Tanganyika, Februari ya mwaka huo. Ukisoma maneno ya Speke mwenyewe unaona jambo lingine: kila alipofika alikuta mtu wa pwani ya Bahari ya Hindi ametangulia, tena ana nyumba, ana wake, ana madeni ya kudai na njia anayoijua. Watu hao, waliokuja kuitwa Waungwana katika nchi zetu za Maniema na Tanganyika, ndio ninaotaka kuwaeleza hapa. Wamesemwa sana kama watekaji wa watumwa, na walikuwa watekaji kweli. Walikuwa pia wachuuzi, wapelelezi wa nchi na wajenzi wa miji, na mtu mmoja aliweza kuwa yote hayo ndani ya mwaka mmoja.

Kuna watu wengine wa mbali waliopata sifa ya namna hiyo. Waviking wa Skandinavia waliingia katika historia ya Ulaya mwaka 793, waliposhambulia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, kaskazini ya Uingereza. Habari hiyo iliandikwa na makasisi, ambao ndio waliojua kuandika na ndio walioporwa, kwa hiyo kwa karne nyingi Waviking wakabaki kuwa majambazi wa baharini tu. Wakati huohuo Waviking wengine walikuwa wakishuka mto Volga kwa mashua, wakiuza ngozi na watumwa kwa fedha za Waislamu. Mwaka 922 Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad, aliwakuta huko. Anasimulia jinsi mchuuzi wao alivyoweka sadaka mbele ya sanamu ya mti, akimwomba mungu wake amletee mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi, asiyebishana bei. Dirhamu hizo zimefukuliwa kwa maelfu katika mashamba ya Sweden. Wenzao waliijenga Dublin, wakahamia Iceland, wakafika Greenland, na kutoka huko wakavuka hadi Amerika ya Kaskazini; magogo waliyoyakata kule Newfoundland yamepimwa na wanasayansi, na yanaonyesha mwaka 1021.

Huko Greenland waliuza pembe za walrusi, mnyama wa bahari ya baridi. Wako wanahistoria wanaoamini kwamba biashara hiyo ilififia kwa sababu moja kubwa: pembe za ndovu wa Afrika zilianza kufika Ulaya kwa wingi. Kama ni hivyo, ndovu wa Afrika waliwahi kuyagusa maisha ya wavuvi wa barafuni karne nyingi kabla ya Sheikh Hamed kwenda Urua.

Turudi ziwani. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, na kina chake kinapita mita 1,400. Kusi inapovuma, kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, mawimbi yake ni ya bahari. Kabla mtu wa pwani hajaliona, wenyeji walikuwa wakilivuka kwa biashara zao. Chumvi ilitoka Uvinza, mafuta ya mawese yalitoka kaskazini, chuma kilitoka Uvira, na samaki wakavu walikwenda kila mahali, kama ndakala wanavyokwenda leo. Milima ya Ugoma, upande wetu wa magharibi, ilikuwa na miti mikubwa, na Wagoma walikuwa mafundi wa kuchonga mitumbwi. Gogo moja liliweza kutoa chombo cha kubeba watu na mizigo mingi. Watu wa Ujiji walinunua mitumbwi hiyo, na watu wa pwani wakanunua pia, wakaongeza mbao ubavuni, wakasimamisha mlingoti na tanga.

Chombo hicho ndicho kiini cha habari yote. Jahazi kubwa lilihitaji bandari na upepo wa kufaa. Mtumbwi uliingia popote penye mchanga, ukaburutwa nchi kavu usiku, ukasukumwa tena alfajiri. Ulibeba ushanga na vitambaa vya merikani kwenda, ukarudi na pembe. Ulibeba pia vijana wenye magobori, na watu wa kijiji cha ufukweni hawakuweza kujua kutoka mbali ni wepi wanaokuja. Mashua za Waviking zilikuwa na tabia hiyohiyo, za kina kidogo na nyepesi za kuvuta kutoka mto mmoja hadi mwingine, na ndiyo maana zilifaa kwa soko na kwa vita sawasawa.

Watu wa pwani walijifunza ziwa kutoka kwa wenyeji. Mabaharia wao walikuwa Wajiji na watu wa ufukweni, waliojua rasi zipi zina mizimu. Walipozipita walitupa ushanga majini ili wavuke salama, na hasa Kabogo iliogopwa, kwa sababu ya ngurumo zilizosikika kutoka huko. Waislamu wa Unguja na wa Mrima, pwani ya bara inayoikabili Unguja, walikaa ndani ya mitumbwi hiyo na kuacha sadaka itolewe. Soko la Ujiji lilikuwa na fedha yake ya ushanga, na mgeni aliyefika na ushanga wa aina nyingine alilazimika kubadilisha kwanza ndipo anunue hata kuku.

Kuhusu kuipeleleza nchi, Wazungu wenyewe wameacha ushahidi, ingawa hawakuutilia maanani sana. Mwaka 1852 msafara wa Waarabu kutoka Zanzibar ulitokea Benguela, pwani ya Atlantiki, baada ya kulikata bara zima. Hiyo ni miaka minne kabla David Livingstone hajamaliza kuvuka kwake kulikompa sifa Uingereza nzima. Said bin Habib, mmoja wa wasafiri wa njia hizo, alionana na Livingstone kwenye mto Zambezi. Na Livingstone huyo alipotaka kwenda Maniema, alikwenda kama abiria. Mapema mwaka 1869 alifikishwa Ujiji akiwa mgonjwa wa kubebwa, na aliyemtunza njiani ni mfanyabiashara Mohamad Bogharib. Mwezi wa Julai akavuka kuja Kasenge, na kutoka hapo akaifuata njia ya Bogharib hadi Kabambare. Njia hiyo, kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji, Mtoa, Kabambare, Kasongo na Nyangwe, ilifunguliwa na wapagazi na wachuuzi, wengine hata majina yao hayakuandikwa popote.

Mtoa ndiyo ilikuwa lango la upande wetu. Iko kaskazini ya Kalemie, karibu na Kasenge, katika nchi ya Waholoholo, ambao wasafiri wa zamani waliwaita Waguha. Misafara kutoka Maniema ilisubiri hapo mitumbwi ya kuvukia, na huenda ilisubiri siku nyingi. Mwaka 1879 wamisionari wa Kiingereza wa London Missionary Society walijenga kituo hapo hapo, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine ambapo watu wengi hivyo walipita. Pembe zilizopita Mtoa ziliishia kuwa vifunguo vya piano, mipira ya biliadi na vitana katika nyumba za Marekani na Ulaya. Nguo ya merikani iliyozinunua ilikuwa imefumwa Massachusetts. Mwanamke aliyekaa sebuleni Boston akipiga piano alikuwa mwishoni mwa njia iliyopita ufukweni kwetu.

Sasa niseme juu ya makazi, maana hapa ndipo historia hii inapokuwa nzito. Mtu wa pwani alifika Ujiji akiwa mgeni, na akitaka kukaa ilimpasa kupatana na watawala wa Wajiji. Mwinyi Kheri, mtu wa Mbwamaji karibu na Dar es Salaam, alikaa hivyo miaka mingi, akawa mkubwa wa mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sultani Barghash wa Zanzibar akamtambua kuwa liwali wake. Ng'ambo ya ziwa, katika Maniema, utaratibu ulikuwa mwingine. Kule walijenga miji yao wenyewe. Nyangwe na Kasongo zilikuwa na nyumba za udongo zenye baraza, mashamba ya mpunga, miembe na milimau, misikiti na vyuo vya Kurani. Hapakuwa na Waarabu wengi. Waarabu walihesabika, na watu wa Mrima walikuwa wachache vilevile. Waliobaki wote, waliovaa kanzu, waliolima mpunga, walioshika bunduki na kusema Kiswahili, walikuwa watoto wa nchi hii, wengi wao wakiwa wametekwa wangali wadogo.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alielewa vizuri kuliko wote kwamba nchi hushikwa kwa njia zaidi ya moja. Ameyaeleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1867 alimpiga Nsama wa Itabwa, kusini-magharibi ya ziwa, akapata pembe nyingi. Alipofika kwa Kasongo Rushie, mtawala mzee wa Utetela, hakufyatua risasi. Alidai kwamba bibi yake alikuwa binti wa ukoo huo, aliyetekwa zamani na kupelekwa mbali. Mzee akamkubali kuwa mjukuu, akamkabidhi utawala. Tippu Tip anausimulia mkasa huo bila kificho. Nami naona una mengi ya kufundisha: hata dai la uongo lilihitaji mwanamke aliyetekwa ili lisadikike, kwa kuwa kila mtu alijua wanawake wa namna hiyo walikuwa wengi.

Tofauti moja kati ya Waungwana na Waviking ni kubwa. Visa vyao viliandikwa na wajukuu wao wa Iceland baada ya karne mbili na zaidi. Tippu Tip ameandika mwenyewe akiwa hai, kwa lugha tunayoisoma bila mkalimani. Upande wa pili, mabaya ya Waungwana yameandikwa zaidi na wamisionari, kama mabaya ya Waviking yalivyoandikwa na watawa. Haifuati kwamba mabaya hayo ni ya kuzushwa.

Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alikuwa Nyangwe, siku ya soko. Zaidi ya watu elfu walikuwa wamevuka mto Lualaba, wengi wao wanawake, na vyungu, samaki, mihogo na kuku. Dugumbe bin Habib, ambaye alimtendea Livingstone wema, alikuwa na watu wake mjini. Watatu kati yao waliingia sokoni na bunduki. Mmoja alibishana juu ya bei ya kuku, akamnyakua. Mara milio ya bunduki ikaanza, sokoni na kwenye kijito ambako mitumbwi ilifungwa. Wanawake walijitupa majini. Mitumbwi iliyojaa ilipinduka, na wengi walisombwa na maji wakijaribu kuogelea kwenda kisiwa kilichokuwa mbali mno. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone hakuweza kuendelea tena na watu hao, akarudi Ujiji, na barua zake juu ya siku hiyo zilisaidia kumlazimisha Sultani Barghash kufunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873.

Soko lile lilikuwa uhai wa Nyangwe. Waliopiga risasi walikula vyakula vilivyoletwa na wanawake haohao. Siwezi kuitenga biashara ya pale upande mmoja na uvamizi upande mwingine, kwa kuwa bei ya kuku wa mtu mwenye bunduki ilikuwa tayari ni ya uvamizi.

Wakati hayo yakitokea Maniema, ziwa lenyewe lilikuwa na jambo lake. Maji yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka, na wataalamu wa Ulaya walibishana kama yana pa kutokea. Mei 1874 msafiri Verney Lovett Cameron aliingia mto Lukuga, hapa penye Kalemie, akasema huu ndio mlango wa ziwa. Mwaka 1876 msafiri mwingine, Stanley, alizunguka ziwa lote, akaingia Lukuga, akakuta mto umezibwa na matope na matete, maji hayaendi. Wote wawili walisema kweli. Mlango ulikuwa umeziba kwa miaka mingi, na ziwa lilikuwa likijaa nyuma ya kizuizi hicho. Mwaka 1878 maji yalikivunja. Edward Hore wa misheni ya Kiingereza alifika mwaka uliofuata akaukuta Lukuga unakwenda kasi kuelekea Lualaba. Kwa miaka kadhaa baadaye ziwa lilishuka mita nyingi, na Ujiji, uliokuwa ukiburuta mitumbwi mlangoni, ukajikuta uko mbali na maji. Wakazi wa Kalemie waliohama nyumba zao kwa mafuriko ya miaka ya karibuni wanajua ziwa hili halijaacha tabia hiyo.

Mkubwa wa mwisho wa Waungwana ziwani alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Alikaa Ujiji tangu mwanzo wa miaka ya 1880, akashirikiana na Tippu Tip, akatuma watu wake pwani zote mbili, hadi Uvira na Burundi. Kwake biashara ilikuwa imekwisha kuwa utawala: vituo, bendera, kodi ya pembe. Lakini wageni wengine walikuwa wamekwisha kufika. Mbelgiji Émile Storms alijenga Mpala, kusini ya Kalemie, mwaka 1883, akisema amekuja kukomesha utumwa. Desemba 1884 alituma rugaruga wake, yaani askari wa kukodiwa, kumshambulia Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyekuwa mshindani wake. Lusinga alikatwa kichwa, na fuvu lake Storms akalichukua hadi Ubelgiji. Ni vigumu kumwona Storms kama mtu wa aina tofauti na Rumaliza. Alisafiri, akajenga, akafanya mikataba, akachoma vijiji, na akawatumia rugaruga waliozaliwa na vita zilezile.

Storms aliondoka 1885, na Mpala ikapewa mapadri wa Wamisionari wa Afrika. Léopold Joubert, aliyekuwa askari wa Papa, alikuja kuwalinda. Alimwoa Agnes Atakao, akajenga Mrumbi, akabaki ziwani hadi kifo chake mwaka 1927. Mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa, akajenga ngome karibu na mlango wa Lukuga na kuiita Albertville, jina alilochukua kwa mwana wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji. Ndiyo mji wetu wa Kalemie. Mwaka 1892 watu wa Rumaliza waliizingira kutoka ndani ya maboma ya miti, na askari wa Jacques hawakuweza kuwatoa. Vita vikubwa viliamuliwa Maniema, ambako jeshi la Dola Huru ya Kongo, ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, liliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893. Januari 1894 Rumaliza alishindwa karibu na Kabambare, akavuka ziwa kwenda upande wa Wajerumani. Tippu Tip alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar, akafa huko Juni 1905.

Wakubwa waliondoka. Watu wao hawakuwa na pa kwenda, kwa kuwa walikuwa kwao. Wataalamu waliopima damu ya Waiceland wa leo wameona kwamba wanaume wa kwanza wengi walitoka Norway, lakini zaidi ya nusu ya wanawake walitoka Ireland na Scotland, nchi ambako Waviking walikwenda kuteka. Kitabu cha matukio cha Ireland kinaandika kwamba mwaka 821 walichukua wanawake wengi kutoka Howth. Waungwana wa Maniema nao ni watoto wa mama wa Kikusu, Kizimba, Kibangubangu, Kiluba. Mama hao walijifunza Kiswahili ndani ya boma la mtu aliyewachukua, wakakifundisha watoto wao kwa sauti na sarufi za makwao, na hivyo Kingwana kikazaliwa. Dola Huru ilipotaka askari na wapagazi ikakikuta tayari. Mapadri wa Mpala wakafundisha katekisimu kwa Kiswahili. Na reli ya kutoka Kabalo ilipofika Albertville mwaka 1915, vibarua kutoka kila upande walielewana bandarini kwa lugha hiyo, wakapakia meli kwenye maji yaleyale ambamo jahazi la Sheikh Hamed lilipita.